Kujaza chokaa kwenye maungio ya ukuta wa kanisa la kale la kijijini Uingereza

Makanisa mengi ya parokia katika vijiji vya Cotswolds yamejengwa kwa mawe ya chokaa, na maungio yake ni chokaa na mchanga. Karne ya 20 mengi yalizibwa kwa saruji, na hapo ndipo kuta zilipoanza kuharibika. Saruji haipumui, hivyo unyevu hulazimika kutoka kupitia jiwe lenyewe. Majira ya baridi maji hayo huganda, hutanuka na kubandua uso wa jiwe, huku saruji ikibaki imesimama. Chokaa ya maungio lazima iwe na ugumu mdogo kuliko jiwe.

1. Kibali. Usiguse ukuta kabla ya kuzungumza na dayosisi. Kagua pia nyufa: popo hulala humo, na sheria inawalinda.

2. Msimu. Fanya kazi Mei hadi Septemba. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, acha.

3. Kuchokoa. Tumia nyundo na tindo jembamba. Mashine ya kukatia ni marufuku, kwa sababu ikiteleza mara moja inaacha kovu lisilofutika. Ingia kina mara mbili ya upana wa ungio, kisipungue milimita 25. Saruji iliyong'ang'ania jiwe iache. Kuing'oa kwa nguvu huvunja kingo.

4. Kuchanganya. Ndoo 1 ya chokaa inayoganda kwa maji (huandikwa NHL kwenye mfuko, na namba yake huonyesha nguvu: NHL 2 kwa jiwe laini, NHL 3.5 kwa gumu kidogo) kwa ndoo 2 na nusu za mchanga mkali, yaani wenye chembe za kingo kali, kubwa na ndogo. Pima kwa ndoo, si kwa koleo. Maji yawe machache: mchanganyiko ukilowa sana, utapasuka ukikauka. Vaa glavu na miwani, chokaa huunguza.

5. Kujaza. Lowesha ukuta jana yake, kisha tena kabla ya kuanza. Jiwe kavu hunyonya maji yote na chokaa hugeuka unga. Shindilia kwa mwiko mwembamba, tabaka kwa tabaka. Mashimo makubwa yatie vipande vya mawe.

6. Kumalizia. Kidole gumba kisipoacha alama tena, gongagonga kwa brashi ngumu hadi chembe za mchanga zionekane. Usilainishe kwa mwiko, maana utando laini huzuia hewa.

7. Kutunza. Funika kwa magunia yenye unyevu angalau siku 7, ukinyunyizia maji kila yanapokauka. Hatua hii ndiyo hupuuzwa zaidi, na ndiyo huangusha kazi nyingi. Jua na upepo vikikausha chokaa mapema, itakwanguka kwa kucha.