Anayelipwa ni anayejua kuanguka

Vijana wanaonifuata jioni pale ufukweni Kibirizi, Kigoma, niwafundishe "mambo ya komando" wote wanataka kuanza na teke la hewani. Mdogo wangu, anza na kuanguka. Steringi wa filamu anapiga, sawa, lakini mwongozaji anahangaika kumpata wa kupigwa.

Tafuta mchanga mkavu, mbali na akina mama wanaoanika dagaa (watakufukuza, na wana haki). Anzia ukiwa umechuchumaa. Bana kidevu kifuani, toa pumzi, wala usitangulize kiganja, maana hapo ndipo kifundo cha mkono kinapovunjika. Biringika kwa mshazari: bega la kulia, mgongo, kisha nyonga ya kushoto. Kichwa kisiguse chini kabisa. Mwili ukizoea, fanya umesimama, halafu ukikimbia. Kuruka toka ukutani kunasubiri, na siku hiyo usitegemee godoro moja. Omba madukani maboksi matupu, yafunge, yapange tabaka juu ya tabaka, tandika turubai juu. Boksi likibonyea ndilo linalomeza kishindo. Lililolowa litupe.

Ziwani simruhusu mtu aruke toka mtumbwini kabla mwingine hajazama kukagua chini. Tanganyika ina mawe, na kina chake hakina adabu.

Ngumi ya sinema haifiki. Kamera ikae nyuma ya bega la mmoja wenu, ngumi ipite shibiri nzima mbele ya uso, anayepigwa ageuze kichwa papo hapo. Mlio utawekwa baadaye. Sasa sura yako ikibaki kama ya mtu anayesubiri daladala, kazi yote imekufa. Jackie Chan tuliyemshangilia kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea video alilelewa katika shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong, akifundishwa sarakasi, kuimba na kuigiza kwa pamoja. Ndiyo maana akipigwa unacheka na huku unamhurumia. Na bado huyohuyo alipasuka fuvu akirukia mti huko Yugoslavia.

Kwa hiyo jifunze watu. Keti sokoni Mwanga usikilize: Mha wa Kasulu anavyobembeleza bei, Mkongo wa Kalemie anavyokataa. Ukiweza kuwa kondakta, mlevi na mchungaji, utaitwa hata kwenye filamu isiyo na ngumi.

Video ya kujitangaza isizidi dakika moja. Ianze na uso wako ukisema jambo, sarakasi ifuate.

Malipo yaandikwe kabla hujaruka: kiasi gani, utarudia mara ngapi, nani analipa hospitali. Kila marudio ya ziada yana bei yake. Uliza pia kibali cha Bodi ya Filamu. Wakikujibu "tutaelewana mbele ya safari", beba begi lako uondoke.