Meza ya mwaloni usiisugue kwa stilwaya

Ukipata meza ya kuandikia ya Kifaransa ya mwaloni, zile zenye nakshi nzito za mtindo uliopewa jina la mfalme Henri II, zilizotamba Ufaransa nusu ya pili ya karne ya 19, usiguse nakshi kwa stilwaya, hata ile laini kabisa. Chukua brashi kavu ya rangi yenye nywele laini, zungushia selotepu bati la shingoni lisikwaruze mbao, kisha piga vumbi taratibu huku mdomo wa mashine ya kufyonza ukiwa karibu. Uchafu uliogandia kwenye mikunjo ya majani na manyoya ya simba utautoa kwa mswaki wa zamani wenye nta kidogo.

Mwaloni umejaa tanini, kemikali ya asili ya mimea, ileile inayoipa chai ukakasi. Chembe za chuma za stilwaya zikibaki kwenye vinyweleo vya mbao, unyevu ukiingia tu zinageuka madoa meusi ya kuelekea bluu. Ni kemia ileile iliyotengeneza wino wa zamani wa Ulaya, kwa vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni na salfati ya chuma! Kwa hiyo duara jeusi kuzunguka msumari au kitasa si lazima iwe alama ya moto.

Doa likishaingia, brashi haifui dafu. Hapo inatakiwa asidi ya oksaliki, nayo ni sumu na haifiki kwenye mbao mpaka vanishi itoke, mwachie fundi. Na palipopakwa dhahabu inayobanduka, usipitishe hata brashi.