Somo: Kuajiri Pangani ukiwa Mwamu (mtu wa Lamu)

Salaam aleikum wanachama. Tuna nyumba ya wageni Lamu mjini, si mbali na Mkunguni, na sasa tuna ya pili Pangani, mkoa wa Tanga. Ukitoka Lungalunga upande wa Kenya ukaingia Horohoro upande wa Tanzania, Kiswahili hakikatiki. Hapo ndipo nilipojikwaa: kwa kuwa tunaelewana, sikuuliza kitu. Nilichukua mkataba wetu wa Kenya, nikabadilisha jina la nchi, nikauchapa.

Hatua ya 1: jua uko upande gani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana yao ya 2005. Mtu akikwambia "huko likizo ni kadhaa", muulize huko wapi.

Hatua ya 2: karatasi zako mwenyewe. Kibali cha kazi hutoka kwa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi Uhamiaji. Ni viwili. Na amri ya Julai 2025 imewafungia wasio raia biashara kadhaa, kuongoza watalii ikiwemo, kwa hivyo usimpandishe binamu yako basi akatembeze wageni.

Hatua ya 3: mkataba. Saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mlinzi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, huongezewa 5% ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Likizo ni siku 28 mfululizo, na Idi ikiangukia humo imeliwa. Kenya ni 21, lakini siku za kazi. Kwa wiki ya siku sita, tofauti ni kama siku nne tu, si saba kama nilivyonung'unika.

Hatua ya 4: makato. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, jumla 20% ya mshahara, na mwajiri hatoi chini ya 10%. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, 0.5% ni juu yako. Wakifika watu 10, kuna SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, 3.5%. Kodi ya mshahara mwisho tarehe 7, si 9 tuliyoizoea.

Hatua ya 5 haimo kwenye fomu yoyote. Mpishi wetu alifiwa na mama mdogo. Sheria inatoa siku 4 za malipo ukifiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mtoto, mjukuu au ndugu. Nikafungua simu, mama mdogo hayumo. Nikamwandikia: "Kazike, kesho kutwa uje." Akaja. Jioni ile chai yangu iliwekwa mezani bila mtu kusema karibu, na jikoni wakanyamaza nilipopita. Mimi, Mwamu, niliyelelewa na mama mdogo! Siku ya tatu nilipanda gari na mchele na bahasha ya rambirambi hadi Muheza, nikakaa mkekani na wazee mpaka alasiri. Hakuna aliyenigusia kazi, nami sikuigusa.

Jambo dogo jingine: sema "naomba hiyo funguo". "Leta funguo" kule ni kama umemtukana mtu.

MASWALI (na mahali yalikotoka)

Malindi: Kaka, si bora nimpe kila mtu mkataba wa mwaka mmoja mmoja nisifungike?

Hapana, ndugu yangu. Mkataba wa muda maalumu una masharti yake kule, si kanzu ya kumvisha kila mpishi na dobi. Ila maandishi yawepo. Mkigombana bila karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wako mwajiri.

Shela: Ami, mtu akiniibia nimfukuze papo hapo?

Msikilize kwanza, mwanangu, na uandike alichosema. Akiona ameonewa ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usipomsikiliza, hata mwizi anaweza kukushinda. Uliyemwondoa si kwa utovu wa nidhamu, akiwa ametimiza mwaka, hupata kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10.

Mokowe: Na yule mpishi yupo bado?

Yupo. Chai anileteayo sasa ina tangawizi, lakini lazima nipige hodi jikoni kwanza.