"Neap" ndo maji mafu

Nyie mnaotembeza wageni na mashua hapa Lamu, kuna neno la Kiingereza "neap", linatamkwa niip, si Wazungu wote wanalijua lakini wale wa mayoti utawaskia nalo sana. Ni maji mafu tu hayo, yale ya mwezi ukiwa nusu, bahari haijai sana wala haikauki sana. Bamvua nayo, yale maji yanayojaa sana na kukauka sana, wanaita "spring tide" na usije ukamwambia mtu ati ni maji ya msimu wa machipuko, haihusiani kabisa, bamvua iko mwaka mzima, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Basi mgeni akitaka kwenda kisiwa cha Pate kwa kupitia Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, na ni maji mafu, mwambie "it's neaps", ataelewa kwa nini hata maji yakijaa kina bado ni kidogo. Na utamu uko hapa, chombo kikipanda fungu la mchanga kwenye kilele cha bamvua halafu maji yakawa yanapungua siku hadi siku, wanasema kimekuwa "neaped", yaani kitulie hapo hapo mpaka bamvua nyingine, kama wiki mbili hivi, mpike chai tu!