Massey Ferguson ya zamani: chagua gia kabla plau haijazama

Kwenye MF 135 au 240, gia ya kulimia ichaguliwe trekta ikiwa imesimama na plau likiwa juu. Weka upande wa Low (mwendo wa polepole), gia ya pili au ya tatu, achia klachi taratibu, anza kutembea, kisha shusha plau. Usijaribu kubadilisha gia katikati ya mfereji. Plau likiwa ardhini, ukikanyaga klachi tu trekta inasimama papo hapo, na giaboksi hizi za zamani hukwaruza meno vibaya.

Resi ya injini iwe mizunguko 1,500 hadi 1,800 kwa dakika. Ikishuka na moshi mweusi ukatoka, gia ni nzito kwa udongo huo: simama, inua plau, rudi gia moja chini. Wengi huiokoa injini kwa kuteleza na nusu klachi, na hapo ndipo sahani ya klachi inapoungua. Utasikia harufu kali kama ya breki. Mguu usipumzike kwenye pedali, beringi ya klachi inaisha bure.

Trekta yenye Multi-Power (swichi ya kubadili High na Low bila kukanyaga klachi), ukiteremka mlima, swichi hiyo iweke High. Kwenye Low ya swichi hiyo injini haiizuii trekta kabisa, inateleza kama iko nyutro.