Somo: Kusoma alama za singe ya Uingereza ya muundo wa 1907

Nimechoka kuulizwa "hii ni ya mwaka gani?" huku picha ikionyesha ncha tu. Alama ziko kwenye shina la bapa, pale pasipo na makali, karibu na mpini.

1. Ichomoe kwenye ala.

2. Pima bapa: kama sm 43.

3. Safisha. Hapa niliwahi kuharibu, kwa hiyo tulia usome. Msasa, brashi ya waya, grenda, siki: USITUMIE. Alama ziligongwa, na kina chake ni kidogo mno. Msasa ukipita mara chache tu, taji linabaki doa na 3 huijui na 8. Paka mafuta mepesi ya mashine, yalale usiku kucha, futa kwa kitambaa, kisha rudia. Kutu nyekundu iliyobaki ikwangue kwa kijiti cha mti. Weusi wa chuma uache, huo si uchafu.

4. Mulika tochi kwa ubavu, vivuli vijae kwenye alama. Upande mmoja: taji, GR (Mfalme George), 1907, mwezi na mwaka, kisha mtengenezaji (Wilkinson, Sanderson, Chapman, Vickers…). "5 17" ni Mei 1917. Upande wa pili: mshale mpana ni mali ya serikali; X ni bapa limepimwa kwa kupindwa; taji dogo lenye namba na E ni mkaguzi wa Enfield, kiwanda cha silaha cha serikali. Mishale miwili iliyogusana ncha: iliuzwa nje ya jeshi.

5. Tazama kitako cha mpini, huenda kuna alama ya kikosi.

MASWALI

– Yangu imeandikwa 1907, ndiyo mwaka wake?
Hapana. Ni jina la muundo. Rudia hatua ya 4.

– Ina kulabu kwenye kikingio (chuma kilichokingama kati ya bapa na mpini), tarehe 8 16. Ni adimu?
Kulabu iliondolewa 1913, kwa hiyo ya 1916 inatia shaka. Ikague kwa lensi: ya asili ni kipande kimoja na kikingio. Ukiona mstari wa kuungia, imebandikwa.

– Nimeshapiga grenda. Alama zitarudi?
Hazirudi.

– Mkuu, mbona nyingine zina tundu kwenye kitako?
Swali zuri. Mfereji wa kufungia kwenye bunduki ulijaa tope, ndipo 1916 wakaweka tundu la kulitoa. Za zamani nyingi zilitobolewa baadaye, kwa hiyo tundu peke yake halithibitishi mwaka. Ukiangalia hapo, angalia na mbao za mpini: mikato miwili ya kukingama ni muundo wa 1913, haufungi kwenye bunduki ya singe ya 1907.

– Nyongeza: alama hafifu, weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli laini.
Naam, na piga picha kabla ya mafuta.