Bima ya nyumba Houston msimu wa vimbunga: kuanzia ukurasa wa kwanza hadi cheki yenye jina la benki

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba hapa Houston na vitongoji vyake, mwenye mkopo wa benki, ambaye bima yake aliinunua siku ya kusaini makaratasi ya nyumba. Siku ile hakuna anayesoma kitu. Mimi si wakala wa bima wala sichukui senti ya mtu. Nakaa na ndugu zetu mezani, nawasomea barua, nashika simu wakati muziki wa kusubiri unalia. Tangu kimbunga Beryl kitupige Julai 2024 nimeona maswali ni yale yale, kwa hiyo nayaandika mara moja. Msimu unaanza Juni 1 na kuisha Novemba 30. Hatua tatu za kwanza zifanye kabla ya Juni.

Hatua ya 1: Tafuta ukurasa wa deklarasheni

Ni karatasi moja au mbili za mwanzo zenye jina lako, anwani ya nyumba na viwango vya fedha. Kama huna, mwambie wakala akutumie kwa imeili leo. Usianze na mkataba wenyewe, utachoka kabla ya kufika penye maana.

Shuka moja kwa moja hadi kwenye dedaktibo, yaani sehemu ya hasara unayoibeba wewe kabla kampuni haijatoa kitu. Wengi wanadhani ni moja. Aghalabu ni mbili: moja ya mambo ya kawaida kama moto au bomba kupasuka, nyingine ya upepo na mvua ya mawe. Mikataba mingine ina ya tatu, ya kimbunga kilichopewa jina, na hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Ikiandikwa kwa asilimia, asilimia hiyo ni ya kiasi ambacho nyumba imekatiwa bima. Si asilimia ya hasara. Nyumba ikiwa na bima ya dola 300,000 na dedaktibo ya upepo ni 2%, unabeba dola 6,000. Ikiwa 5%, ni dola 15,000. Paa likiharibika kwa dola 9,000, mwenye 2% atapata 3,000 na mwenye 5% hapati kitu, ingawa wote wawili wamelipa kila mwezi bila kukosa. Wakala anapokuambia amekupunguzia bei, muulize kwanza dedaktibo ya upepo imepanda hadi wapi.

Kisha tazama paa linalipwaje: kwa gharama ya kuweka jipya, au kwa thamani iliyobaki baada ya kutoa uchakavu. Paa la miaka 15 likilipwa kwa thamani iliyobaki, fedha huenda isitoshe hata nusu ya kazi. Kama una nafasi ya kuongeza kidogo kwenye malipo yako, ongeza hapa, si kwingine.

Walioko Galveston na kaunti za pwani: bima yenu ya kawaida huenda haina upepo kabisa. Mnauhitaji mkataba wa pili, mara nyingi kutoka TWIA, chombo kilichowekwa na sheria ya Texas kwa ajili ya upepo na mvua ya mawe katika kaunti 14 za pwani na kipande cha kaunti ya Harris kilicho mashariki ya barabara ya 146.

Hatua ya 2: Tenganisha upepo na mafuriko

Bima ya kawaida ya nyumba haigusi mafuriko. Upepo ukifungua tundu kwenye paa na mvua ikaingilia humo ikaharibu dari, hilo ni dai la bima ya nyumba. Maji yakipanda kutoka barabarani au kwenye bayou, yaani vijito vya hapa mjini, yakaingia mlangoni, hayo ni mafuriko, hata kama ni kimbunga kile kile na usiku ule ule. Kimbunga Harvey cha 2017 kiliingia kwa maji zaidi kuliko upepo, na wengi mno waliolowa hawakuwa na bima ya mafuriko kwa sababu benki haikuwadai wawe nayo. Benki inadai kwa walio kwenye maeneo ambayo ramani za FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, zinayaita ya hatari kubwa. Wewe uliye kwenye eneo la X, lisilohesabiwa kuwa la hatari kubwa, hudaiwi, lakini Houston ni tambarare kama sinia na maji hayasomi ramani. Nunua.

Bima ya mafuriko ya serikali, NFIP, inalipa hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani. Vitu vya ndani vinanunuliwa peke yake. Kama hukuvitaja, havimo. Hailipi hoteli. Na kwa kawaida inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, kwa hiyo kuinunua wakati televisheni inaonyesha dhoruba kwenye Ghuba ya Meksiko ni kazi bure. Kampuni za kawaida nazo huacha kuuza au kuongeza bima dhoruba ikishaingia kwenye Ghuba.

Hatua ya 3: Piga video

Zunguka nyumba nzima na simu, fungua makabati na droo, sema kwa sauti kitu ni nini na ulikinunua lini. Dakika ishirini zinatosha. Programu za kuorodhesha mali sizipendi, watu huanza na sebule wakaishia hapo. Video itume kwa ndugu aliye mji mwingine.

Nyongeza kwa wenye kucheza mchezo au upatu: fedha taslimu ndani ya nyumba hulipwa kwa kiwango kidogo mno, mara nyingi dola 200 tu. Zipeleke benki.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza baada ya upepo

Picha kwanza, usafi baadaye. Ukimaliza picha, zuia hasara isiendelee: turubai juu ya paa, mbao kwenye dirisha, maji yatolewe. Mkataba unakutaka ufanye hivyo, na risiti za turubai na misumari unaziambatisha kwenye dai. Usitupe zulia lote. Kata kipande ukihifadhi.

Umeme ukikatika na friji ikaoza, angalia kama mkataba wako una fungu la chakula kilichoharibika. Mingi inalo, lenye kikomo kidogo. Kuhusu hoteli, wengi waliulizia baada ya Beryl: kwa kawaida fungu la kuishi nje linalipa pale nyumba yenyewe inapokuwa haikaliki kwa hasara iliyo ndani ya bima. Joto la Julai bila umeme, peke yake, mara nyingi halitoshi.

Mafundi watagonga mlango kabla hujanywa chai. Anayekuambia "dedaktibo niachie mimi" anakualika kuvunja sheria. Texas imekataza jambo hilo waziwazi tangu 2019, na kampuni ya bima inaweza kukudai ushahidi kuwa uliilipa kabla ya kutoa fedha iliyobaki. Anayejitolea kubishana na kampuni kwa niaba yako huku yeye ndiye atakayeezeka paa, mwonyeshe njia. Sheria ya Texas haimruhusu kuwa vyote viwili.

Hatua ya 5: Fungua dai

Piga simu au tumia tovuti ya kampuni, uchukue namba ya dai. Kama una bima mbili, ni madai mawili na namba mbili. Kingereza kikikusumbua omba mkalimani, kampuni kubwa wanao kwa simu. Usimtumie mtoto wa darasa la saba kutafsiri mambo ya dola elfu arobaini.

Nunua daftari. Kila simu andika tarehe, saa, jina la uliyezungumza naye na alichosema. Ukimaliza, mtumie imeili fupi: "Leo tumekubaliana hivi." Kwa sheria ya Texas kampuni ina siku 15 kukiri kuwa imepokea dai na kuanza uchunguzi, ikishapata kila ilichoomba ina siku 15 za kazi kukubali au kukataa, ikikubali, siku 5 za kazi kulipa. Baada ya janga kubwa la hali ya hewa muda huongezwa siku 15. Bila daftari hutajua siku hizo zilianza lini.

Dai la NFIP lina mtego wake: hati ya hasara iliyosainiwa kwa kiapo inatakiwa ndani ya siku 60 tangu mafuriko. Serikali wakati mwingine huongeza muda. Usiutegemee.

Hatua ya 6: Ajasta anapokuja

Ajasta ni mkaguzi wa hasara anayetumwa na kampuni ya bima. Uwepo. Mwonyeshe, usimwachie atafute. Omba nakala ya makadirio yake, mstari kwa mstari, kisha uyaweke kando ya makadirio ya fundi wako uone kilichorukwa.

Hatua ya 7: Cheki yenye jina la benki

Hapa ndipo watu wanapokwama, na ndipo nilipopoteza saa nyingi kuliko hatua zote nyingine kwa pamoja. Maadamu una mkopo, cheki ya jengo itaandikwa majina yenu na jina la benki. Huwezi kuiweka kwenye akaunti mpaka kila aliyetajwa atie sahihi nyuma.

Kwanza, soma jina la benki kabla ya kufanya lolote. Mikopo huuzwa. Shemeji yangu alipokea cheki yenye jina la kampuni iliyokuwa ikisimamia mkopo wake zamani. Ile ya zamani ikasema hatukujui tena, ile mpya ikasema jina letu halimo, na bima ikasema sisi tumefuata kilicho kwenye deklarasheni. Njia ni moja: wakala abadilishe jina la mkopeshaji kwenye bima, kisha cheki irudishwe na iandikwe upya. Kwa hiyo kila unapopata barua kuwa mkopo umehamishwa, mtumie wakala nakala siku hiyo hiyo, kabla ya dhoruba yoyote.

Pili, majina yenu. Mke na mume wote mkiwa kwenye bima, sahihi ni mbili. Mmoja akiwa Mwanza au Bukavu kwenye msiba, cheki inamsubiri. Usisaini kwa niaba yake. Hiyo ni kughushi. Uliza benki kama itapokea hati ya uwakilishi wa kisheria, na inataka iandikweje.

Tatu, usiende tawini. Karani wa dirishani hana mamlaka. Piga namba iliyo kwenye taarifa yako ya mkopo, uombe kitengo cha fedha za bima za hasara. Mara nyingi kinaendeshwa na kampuni nyingine, katika jimbo lingine, na anwani yake si ile unayotuma malipo ya kila mwezi. Uliza mambo haya kabla hujatuma karatasi hata moja: kiwango gani wanasaini na kukurudishia cheki bila masharti, na juu ya kiwango gani wanazishika fedha na kuzitoa kidogo kidogo? Kiwango hicho hutofautiana, na hutegemea pia kama hujachelewa kulipa mkopo.

Wakizishika, mtindo wa kawaida ni theluthi ya kwanza kuanzia kazi, ya pili mkaguzi wao akiona kazi imefika nusu, na ya mwisho ikikamilika. Watataka makadirio ya ajasta, mkataba wa fundi uliosainiwa, fomu yake ya kodi W-9, na mwishoni hati ya fundi kukiri kuwa amelipwa na hana dai juu ya nyumba. Kwa hiyo fundi anayetaka fedha yote mkononi siku ya kwanza hafai kwa kazi hii. Fomu nyingi pia zinauliza leseni ya fundi. Texas haitoi leseni ya jimbo kwa waezekaji wa paa, basi andika hivyo hivyo kwa maneno kamili; nafasi ikiachwa wazi, faili inarudishwa.

Tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia, ukiwa umepiga picha cheki pande zote mbili. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake. Cheki nyingi hufa kabla makaratasi hayajaisha, na hapo unaomba nyingine. Sheria ya Texas inampa mkopeshaji siku 10 tangu apokee fedha kukueleza masharti yake, na siku 10 tena kuzitoa ukishayatimiza. Litaje hilo kwa adabu kwenye imeili. Hujibiwa haraka ajabu.

Cheki ya vitu vya ndani na ya gharama za hoteli haihusiani na benki. Jina la benki likiwekwa humo, omba irekebishwe kabla ya kuituma popote.

Hatua ya 8: Ukikataliwa au ukipunjwa

Omba sababu kwa maandishi, na kifungu cha mkataba kinachotajwa. Jibu kwa picha na makadirio ya fundi. Ikishindikana, peleka malalamiko Idara ya Bima ya Texas. Ni bure na kampuni hulazimika kujibu. Ajasta wa umma unayemlipa mwenyewe ana kikomo cha 10% ya fidia, na mimi singemtafuta kwa dai dogo.

FEMA nayo, ukiiomba msaada wa maafa, hailipi kile ambacho bima imelipa. Barua yake ya kusema hustahili, kwa mwenye bima, mara nyingi maana yake ni kwamba inasubiri uamuzi wa kampuni yako. Una siku 60 tangu tarehe ya barua kukata rufaa. Ambatisha barua ya bima ya kulipa au kukataa, na uandike namba yako ya maombi juu ya kila ukurasa unaotuma.